Mfungo Usiojua Pasaka



Kila mwaka, Jumatano ya Majivu inapofika, tunatoka kanisani tukiwa na alama ya majivu usoni na kuulizana swali lilelile: je, Kwaresima hii tutajinyima nini? Mmoja ataacha sukari, mwingine nyama, mwingine simu. Wapo pia wasiotaja neno, ila tunaona kwamba siku zinapopita hawaonekani tena penye sahani.

Kwetu Keshero swali hilo si jepesi. Tunaishi juu ya mawe meusi ya volkeno, kando ya barabara iendayo Sake, na kwa barabara hiyo tumeona njaa ikija kwa miguu. Mwezi wa saba mwaka 1994 watu kwa mamia ya maelfu walivuka mpaka kutoka Rwanda wakajaa Goma na kandokando yake, na maelfu mengi wakafa kwa kipindupindu katika majuma machache. Tangu mwisho wa mwaka 2022 hadi mwanzo wa 2025 kambi za Bulengo, Lushagala na Rusayo zilijaa ndugu zetu waliokimbia vita. Katika mji wa namna hii, kusema kwamba yupo kijana anayekataa chakula kilichokwisha kupakuliwa kunasikika kama tusi kwa maskini. Ndiyo sababu kijana huyo hasemi. Naye asiposema, hatupati kumsaidia.

Tumeona vema basi tuandike juu ya maradhi ya ulaji, yaani hali ambamo mtu hutawaliwa na chakula kwa kukikimbia, au kwa kukila kwa siri pasipo kiasi na kukitapika, hata mwili na moyo vikaharibika. Wengi hudhani kwamba maradhi haya ni ya Wazungu na ya matajiri. Historia haisemi hivyo. Inasema kwamba maradhi haya yameingia hata nyumba ya sala, tena mara nyingi yakiwa yamevaa vazi la mfungo. Kanisa limeyaona tangu zamani, likajifunza kwa machozi namna ya kuyapambanua. Sisi nasi tunalo la kujifunza humo.

Mzee aliyekataa dengu za Pasaka

Katika karne ya nne na ya tano, majangwa ya Misri yalijaa wamonaki waliofunga kwa ukali ambao leo ni vigumu kuuwaza. Yohane Kasiano aliishi kati yao miaka kadhaa, kisha akaandika mazungumzo aliyoyasikia kwa wazee wao. Katika mazungumzo ya pili, Aba Musa anasimulia habari za mzee aitwaye Heroni. Mzee huyo alikuwa amekaa jangwani miaka hamsini, na hakuna aliyemshinda kwa kufunga wala kwa kukaa peke yake. Alishikilia mfungo wake hata siku ya Pasaka. Ndugu zake walikusanyika kanisani kuadhimisha sikukuu, yeye hakuja, akichelea kwamba akikaa nao atalazimika kuonja dengu kidogo na hivyo kuvunja nadhiri yake. Mwisho wake ulikuwa wa kusikitisha. Alidanganyika kwa maono, akajitupa katika kisima kirefu akiamini kwamba wema wake utamtoa mzima. Ndugu walimvuta kwa taabu nyingi, akafa siku ya tatu.

Neno moja katika habari hiyo lastahili tulishike. Aba Musa hamlaumu Heroni kwa kuwa alifunga, kwa maana wote walifunga. Anamlaumu kwa kukosa upambanuzi: alitegemea mawazo yake mwenyewe kuliko shauri la ndugu zake. Dalili ya kwanza ya hatari ilionekana mezani siku ya Pasaka, kabla ya kisima. Mfungo usiojua Pasaka ulikuwa umekwisha kugeuka kitu kingine. Aba Musa anaongeza kwamba kufunga kupita kiasi na ulafi hufika mahali pamoja, na kwamba yeye mwenyewe aliwaona watu ambao ulafi haukuweza kuwaangusha wakiangushwa na mfungo.

Hayo hayakuwa mawazo ya mzee mmoja tu. Katika karne hiyohiyo ya nne, maaskofu waliokutana katika mtaguso wa Gangra, huko Asia Ndogo, waliwalaani wale waliofunga siku ya Bwana kwa kujidai utakatifu. Tangu mwanzo Kanisa liliweka mpaka: kufunga kuna siku yake na kula kuna siku yake, na anayekataa siku ya kula hajawapita wenzake kwa utakatifu.

Binti wa mpaka rangi wa Siena

Mfano unaotugusa zaidi ni wa mlei kama sisi. Katarina alizaliwa Siena, Italia, mwaka 1347, katika nyumba ya Jacopo Benincasa, mpaka rangi wa nguo, iliyojaa watoto wengi. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi, dada yake Bonaventura, aliyempenda sana, alifariki akijifungua. Wazazi walitaka Katarina aolewe. Yeye alikata nywele zake, akaanza kupunguza chakula mpaka akabaki na mkate, maji na majani mabichi. Baadaye mkate nao ukamshinda.

Padri Raimundo wa Capua, aliyekuwa muungamishi wake na ambaye ndiye aliyeandika maisha yake, hakuyaficha mambo haya. Asema kwamba tumbo la Katarina lilifika mahali pa kukikataa chakula, na chakula alichomeza kilimwumiza mpaka akitoe. Watu walipomnung'unikia, alikaa mezani akatafuna kidogo, kisha akajitapisha kwa kijiti ili apate nafuu. Hata hivyo alitembea na kuwahudumia wagonjwa, akaandika barua kwa wakuu wa dunia, akamhimiza Papa Gregori XI kuondoka Avignon na kurudi Roma. Mwanzoni mwa mwaka 1380 alikataa hata maji kwa muda. Nguvu zilimwisha, akafariki Roma tarehe 29 Aprili mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 33.

Wanahistoria hawakubaliani juu ya maana ya mambo hayo. Mwaka 1985 Rudolph Bell alitoa kitabu kilichodai kwamba Katarina na wanawake wengine watakatifu wa Italia walikuwa na ugonjwa unaofanana na ule ambao waganga wa leo huuita anoreksia. Miaka miwili baadaye Caroline Walker Bynum alijibu kwamba tusiwapime watu wa kale kwa kipimo chetu: kwa wanawake wale, mkate ulikuwa na maana ya Ekaristi na ya kuwalisha maskini kabla haujawa na maana ya umbo la mwili. Hatuwezi kuwa waamuzi kati yao. Tunaweza tu kumsikiliza Katarina mwenyewe, maana alisema.

Mtu mmoja wa dini huko Firenze alimwandikia kumwonya kwamba kutokula kwake huenda kukawa udanganyifu wa shetani. Katarina hakujibu kwa kiburi. Alikiri kwamba yeye naye ana hofu hiyo. Akaeleza kwamba hujilazimisha kula mara moja au mbili kwa siku, na kwamba humwomba Mungu amjalie kuishi kama viumbe wengine katika jambo la kula. Aliiona hali yake kuwa udhaifu wa kuombewa, akamwomba mtu yule naye amwombee. Hakuita hali ile taji, wala hakumwambia mtu amwige. Kinyume chake, alipomwandikia mtawa Daniela wa Orvieto alimsihi ashike kiasi, akafundisha kwamba malipizi ni chombo tu cha kazi, na anayeyafanya kuwa msingi wa maisha yake hujenga pabaya.

Kanisa lilimtangaza Katarina kuwa mtakatifu mwaka 1461, na mwaka 1970 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa. Aliheshimiwa hivyo kwa ajili ya upendo wake na mafundisho yake. Msichana asemaye, "Katarina naye hakula," hana budi aisome na barua ile ya Firenze.

Karne moja na nusu baadaye, Inyasi wa Loyola alipita njia hiyohiyo, akarudi. Huko Manresa, mwaka 1522, akiwa ameteswa na wasiwasi wa dhambi hata akasongwa na wazo la kujiua, alikaa juma zima bila kula wala kunywa. Muungamishi wake alimwamuru avunje mfungo, naye akatii. Tumbo lilimsumbua maisha yake yote. Mwaka 1548 alimwandikia Fransisko Borgia, mtawala wa Gandía, aliyekuwa akijidhoofisha kwa mfungo, akamwagiza apunguze na kuuimarisha mwili, maana mwili nao ni wa Mungu na roho huuhitaji. Asemaye hivyo ni mtu aliyejua gharama yake.

Waganga walipolipa jina

Wakati Kanisa likitafuta upambanuzi, utabibu nao ulitafuta jina. Mwaka 1689 mganga Mwingereza Richard Morton alieleza habari za msichana wa miaka kumi na minane na mvulana wa miaka kumi na sita waliokonda mpaka mifupa bila kifua kikuu wala homa. Msichana alikataa dawa akafa. Tuangalie: kati ya wagonjwa wawili hao wa kwanza kuandikwa vizuri, mmoja alikuwa mvulana. Mwaka 1873 William Gull huko London na Charles Lasègue huko Paris, kila mmoja kwa njia yake, walieleza ugonjwa huo, na Gull akaupa jina la anoreksia nevosa. Mwaka 1979 Gerald Russell, huko London pia, alieleza bulimia nevosa: mtu hula kwa siri chakula kingi mno kwa muda mfupi, kisha hujitapisha au hutumia dawa za kuharisha. Huyo mara nyingi hakondi, na kwa hiyo nyumbani hawamshuku.

Lakini aliyefunua zaidi yale ambayo njaa huufanyia moyo hakuwa akiwachunguza wagonjwa. Mwezi wa kumi na moja mwaka 1944, vita kuu vikiwa bado vinaendelea, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapokea vijana wanaume 36 waliokataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri. Wengi wao walikuwa Wakristo wa madhehebu yanayokataa vita. Walikuwa wazima wa mwili na akili, nao walijitolea kwa hiari ili dunia ipate kujua namna ya kuwalisha watu waliodhoofishwa na vita. Kwa miezi sita walipewa karibu nusu ya chakula walichokizoea, wakapoteza karibu robo ya uzito wao.

Miili yao ilipungua nguvu, mapigo ya moyo yakawa ya polepole, wakahisi baridi hata wakati wa joto, nywele zikadondoka, vifundo vya miguu vikavimba, vichwa vikazunguka waliposimama. Lakini waliposimulia baadaye, walisimulia zaidi habari za nafsi. Walifikiri chakula mchana na kukiota usiku. Walikusanya vitabu vya mapishi, wakalamba sahani, wakakaa mezani saa nzima wakikatakata kipande kidogo. Walikuwa wakicheka pamoja, sasa wakajitenga. Wakawa wepesi wa hasira, wakahuzunika, wakapoteza hamu ya urafiki na ya mapenzi. Mmoja alijikata vidole kwa shoka, na baadaye hakuweza kusema kwa hakika kama ilikuwa ajali au kusudi. Chakula kiliporudishwa hawakupona mara moja: baadhi yao walikula mpaka wakaumwa na bado wakajiona wana njaa. Matokeo yalichapwa mwaka 1950.

Jambo hili lafaa tulitie moyoni. Vijana wale hawakuwa na ugonjwa wa nafsi kabla ya kuanza. Ni njaa yenyewe iliyowaletea huzuni, hasira, upweke na mawazo yasiyokoma juu ya chakula. Kwa hiyo tunapomwona mwenzetu aliyekuwa mchangamfu amekuwa mkali na mficho, pengine hatuoni tabia mbaya bali tunaona njaa. Na anayedhani kwamba kwa kujinyima kupita kiasi atakiweka chakula mbali na mawazo yake, atakuta chakula kimekuwa bwana wake.

Waganga wa leo huongeza mengine. Kwa msichana anayejinyima hivyo, hedhi hukatika na mifupa hupungua uimara katika miaka ileile ambayo ingepaswa kujengwa. Malaika laini huota mwilini, kana kwamba mwili unajifumia blanketi. Kwa anayejitapisha, asidi ya tumbo hula meno, mashavu huvimba, na madini ya potasiamu hupungua damuni mpaka moyo unaweza kusimama ghafula, hata kama mtu anaonekana mnene na mwenye afya. Ndani huzidi aibu, uongo mdogomdogo wa kila siku, na kwa wengine mawazo ya kujiua. Kati ya maradhi ya nafsi, anoreksia ni mojawapo ya yale yanayoua zaidi. Si mchezo wa wasichana.

Bwaki, mwalimu wa Kivu

Pengine mtasema: hayo ni ya mbali. Turudi kwetu, kwa maana Kivu ilijua mambo haya kwa mlango mwingine. Wazazi wetu wana neno bwaki. Ni ugonjwa wa mtoto aliyekosa lishe: miguu na uso huvimba, nywele hugeuka rangi, ngozi huchubuka. Dunia ya waganga huujua kwa jina la kwashiorkor, ambalo daktari Cicely Williams alilichukua kwa watu wa Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo, akalichapa mwaka 1935. Hapa Kivu watafiti wa Lwiro, karibu na Bukavu, waliwachunguza na kuwatibu watoto wa bwaki kwa miaka mingi. Bukavu ilipata pia shirika la kupambana na bwaki, lililobeba jina la ugonjwa wenyewe: Comité Anti-Bwaki.

Kila mama aliyemlea mtoto wa bwaki anajua mambo matatu, na yote matatu yanatufaa.

La kwanza, mtoto wa bwaki hataki kula. Hugeuza uso hata uji ukiwa kinywani pake. Wala hachezi wala hatabasamu. Hukaa amenuna na kulia kwa sauti nyonge. Anayemwona kwa mara ya kwanza hudhani ana ukaidi, kumbe njaa ikipita mpaka wake huua hata hamu ya kula. Waganga hufurahi wanapoona tabasamu limerudi, kwa kuwa ni dalili kwamba mtoto ameanza kupona.

La pili, hatumjazi chakula siku ya kwanza. Vituo vya lishe huanza na maziwa mepesi, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, ndipo huongeza. Mwili uliozoea ukosefu ukipewa kingi ghafula, madini ya damu huvurugika na moyo unaweza kushindwa. Sheria hiyo ni ileile kwa mtoto wa bwaki na kwa kijana wa miaka ishirini aliyejinyima miezi mingi. Kumkalia kijana huyo na kumlazimisha sahani ya bugali na sombe si tiba. Apelekwe kwanza kwa mganga.

La tatu, hakuna mama anayemgombeza mtoto wa bwaki. Humpakata.

Mwili haumwulizi mtu ni nani aliyeleta njaa. Iwe imeletwa na vita, na umaskini au na mawazo ya mtu mwenyewe, mwili hulia kwa sauti moja. Kwa nini basi tumhurumie mmoja na kumcheka mwingine? Kumhudumia kijana mwenye maradhi ya ulaji hakupunguzi huruma yetu kwa wenye njaa wa Bulengo. Ni huruma ileile, imefika mlango wa pili.

Yamefika Afrika

Kwa muda mrefu vitabu viliandika kwamba maradhi haya hayapo kwa Waafrika. Taratibu ushahidi ulikuja: taarifa ya mgonjwa wa Zimbabwe mwaka 1984, kisha uchunguzi wa Kenya mwaka 2004, kisha wa Tanzania mwaka 2007, ambapo dalili zilionekana zaidi kwa wanawake waliokuwa karibu zaidi na filamu na magazeti ya Magharibi.

Lakini uchunguzi unaotuhusu zaidi sisi wa vikundi vya parokia ulifanyika kwenye shule za sekondari kaskazini-mashariki mwa Ghana, ukachapwa mwaka 2004. Watafiti waliwapima wasichana 668. Kati ya waliokutwa wamekonda mno, 10 hawakuwa na sababu nyingine yoyote ila kujinyima chakula. Wasichana hao hawakusema kwamba wanaogopa unene, wala hawakutaja warembo wa sinema. Walizungumza juu ya kujitawala, juu ya kuishinda njaa, na walikueleza kujinyima kwao kwa lugha ya dini, wakakuona kuwa jambo jema.

Hao wangeweza kuwa dada zetu. Kwetu nako jicho la watu lina amri zake. Mtaa husifu mwili mnene kuwa dalili ya afya na ya nyumba yenye neema, hata wapo wanaomeza vidonge vya kunenepesha pasipo mganga. Simu kwa upande wake husifu mwembamba. Msichana huvutwa huku na huku, na mvulana pia. Ongeza vita, misiba na mambo mengi yasiyotawalika: kwa kijana aliyepoteza nyumba au ndugu, sahani inaweza kuonekana kuwa kitu pekee duniani ambacho bado yuko na amri juu yake. Dada wa Siena aliyempoteza Bonaventura angeweza kulielewa jambo hilo.

Namna ya kupambanua

Tusije tukatupa mfungo kwa sababu ya ugonjwa. Kanisa linautaka mfungo, tena limeuwekea kiasi: tangu mwaka 1966 Papa Paulo VI alipopanga upya sheria ya malipizi, siku za lazima kwa Kanisa zima ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, leo zikiwahusu walio na umri wa miaka 18 hadi wanapoingia mwaka wa 60, na hata siku hizo mlo mmoja kamili unaruhusiwa na vitu vidogo asubuhi na jioni. Mgonjwa hafungwi na sheria hiyo. Anayekula kwa sababu mganga amemwagiza anatii, hatendi dhambi.

Historia tuliyoipitia yatupa alama za kutofautisha. Mfungo wa kweli una mwisho. Ugonjwa huahirisha mwisho kila siku. Mfungo hukubali shauri la muungamishi, la mzazi na la mganga. Ugonjwa hukasirika ukiguswa. Mfungo humfanya mtu awe mpole na karibu na wenzake. Ugonjwa humfungia chumbani. Chakula kilichookolewa na mfungo humfikia maskini, kama nabii Isaya alivyodai katika sura ya 58. Kilichookolewa na ugonjwa hufichwa au hutupwa. Na mwenye mfungo, Pasaka ikifika, hukaa na ndugu zake akala sambaza na kushukuru.

Tukimwona mwenzetu katika alama mbaya, tusimsengenye katika kikundi wala tusimsifu kwa kukonda kwake, na tusimwambie aombe tu. Tumwendee mmoja wetu, kwa upole, tumwambie tumeona nini na kwamba tunamtaka awe hai. Tumsindikize kwa mzazi, kwa padri, kwa muuguzi wa kituo cha afya. Mjini Goma ipo Tulizo Letu, na Bukavu ipo SOSAME, nyumba za afya ya akili zinazoendeshwa na Mabruda wa Upendo, shirika lililoanzishwa na padri Petrus Jozef Triest huko Ghent mwaka 1807. Kwenda huko si aibu wala si upungufu wa imani. Akizirai, akitapika damu, moyo ukimwenda mbio au ukisitasita, au akisema anataka kufa, tusingoje kesho.

Na wewe unayesoma huku ukijitambua katika maneno haya, usiogope. Katarina, aliyekuwa mkuu kuliko sisi, hakuona haya kumwandikia mtu wa mbali na kumwomba amwombee ili aweze kula kama watu wengine. Wewe una watu wa karibu. Mwambie mmoja wao leo.

*Maswali ya kutafakari katika kikundi*

1. Heroni alikosa nini siku ile ya Pasaka? Katika maisha yetu, ni nani mwenye ruhusa ya kutuambia, "Sasa ule"?
2. Je, katika kikundi chetu huwa tunamsifu mtu kwa kukonda au kwa kunenepa? Sifa hizo zinamfanyia nini?
3. Kwaresima ijayo, chakula tutakachojinyima kitamfikia nani, na Pasaka tutakula pamoja wapi?